Miezi minane na sarafu moja: je, mkono wangu ni mzito?

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 34, nina duka dogo na uwakala wa pesa za simu hapa Morogoro. Kwa miezi minane sasa najifunza mazingaombwe kwa kuangalia video kwenye simu. Nimeshikilia mchezo mmoja tu, wa kupoteza sarafu ya 500 mkononi. Kwenye kioo naona nimeiva kabisa, hata mimi mwenyewe sioni inapokwenda. Lakini mbele ya watu wananikamata hapo hapo: 'Iko mkono wa kushoto!' Mpwa wangu wa miaka sita ndiye mbaya kuliko wote. Nimeongeza kasi, bado. Nafanya mazoezi usiku masaa matatu mpaka dole gumba linakufa ganzi. Je, kuna watu wamezaliwa na mikono mizito? Na ni kweli wale mafundi wa jukwaani wana kitu cha kupumbaza macho ya watu? Nauliza kwa sababu mteja mmoja aliniona nachezea sarafu, akaanza kusema mtaani kwamba nina chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za watu. Mama yangu sasa hataki kuiona hiyo sarafu nyumbani. Niache au niendelee?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mengi, ila naona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba wenzako wana kitu ambacho wewe hukupewa, kama si mikono basi dawa. Nimefundisha saikolojia kwa muda mrefu, na nimechezea karata na sarafu kwa muda mrefu kuliko huo. Naweza kukuambia bila kusita kwamba dawa haipo, na mikono yako sina shaka nayo. Mtu anayehesabu noti za wateja kutwa nzima hana mikono mizito.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Egemeza simu yako kwenye kreti la soda, iwashe ikurekodi, kisha fanya mchezo wako mara kumi mfululizo. Halafu tazama hiyo video, lakini usiangalie mikono. Angalia macho yako. Utakuta kwamba kila sarafu inapodondoka kwenye kiganja, unapepesa. Ndiyo maana umeniandikia kwamba kwenye kioo hata wewe mwenyewe huoni inapokwenda. Huoni kwa sababu umefumba macho! Ugonjwa huu tunaupata karibu sote tunaojifunzia kwenye kioo. Mimi niliishi nao mwaka mzima, nikijisifu, mpaka dada yangu mdogo aliponiuliza kwa nini naifungia jicho sarafu kama mtu anayekunywa kwinini.

Sasa tuje kwenye kasi. Watu husema mkono wa fundi ni mwepesi kuliko jicho la mtazamaji. Si kweli, na imani hiyo ndiyo iliyokupotezea miezi minane. Jicho la binadamu ni hodari mno kunasa mwendo wa ghafla, hata pembeni kabisa ambako haliwezi kusoma herufi. Nyoka akitikisa majani kando ya njia, unaruka kabla hujajua umeona nini. Kwa hiyo unapoharakisha mkono wakati ule wa siri, ni kama umepiga filimbi. Mtazamaji aliyekuwa amelegea anashtuka na kujiambia kwamba hapo kuna kitu. Hajaiona sarafu ikidondoka, lakini amejua ni wakati gani wa kutilia shaka, na akishajua wakati, mahali atapakisia tu.

Jicho lina udhaifu wake, ila hauko kwenye kasi. Nyoosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa dole gumba. Eneo unaloliona kwa ukali wa kweli halizidi sana upana wa dole hilo. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaujazia kwa kumbukumbu na makisio. Kama huamini, kaza macho kwenye neno moja la mstari huu ujaribu kusoma mstari wa nne kutoka hapo bila kuyahamisha. Jicho linafidia udogo huo kwa kurukaruka, kama mara tatu kwa sekunde, na kila ruko ni uamuzi: niende wapi sasa? Huenda kwenye uso wa mtu, kwenye macho yake, kwenye mkono unaotembea, na zaidi ya yote huenda pale ambapo mwenzako anapatazama. Tumezaliwa na tabia hii. Nendeni watu watatu mkasimame stendi ya Msamvu, mtazame juu ya paa moja bila kusema neno, mhesabu abiria watakaoinua shingo.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uingereza, Gustav Kuhn, ambaye mwenyewe ni mwanamazingaombwe, na Michael Land, waliipima tabia hii kwa mchezo wa zamani sana. Mtu anarusha mpira mdogo juu na kuudaka, mara mbili. Mara ya tatu mkono unapanda vilevile, lakini mpira unabaki kiganjani. Alipoinua macho juu kana kwamba anaufuata, karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona mpira ukiruka na kupotelea hewani. Mkono ulipofanya kitendo kilekile, ila macho yakabaki kwenye kiganja kilichouficha mpira, waliodanganyika walishuka mpaka kama theluthi moja. Mkono haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni macho ya mrushaji.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo bado inanisisimua kila nikiisimulia darasani. Macho ya watazamaji yalikuwa yanafuatiliwa kwa mitambo. Ilionekana kwamba katika ule mrusho wa uongo, macho yao hayakwenda juu hata mahali walipoapa kuuona mpira. Macho hayakudanganywa. Aliyedanganywa ni yule anayepokea habari za macho na kuzitungia hadithi.

Lugha yetu ilikwishalisema hili. Mchezo wako unaitwa kiinimacho, na kiini cha jicho kimo ndani ya kichwa cha anayetazama. Kiswahili hakikuuita kiinimkono. Tena tunasema "nimeangalia, sikuona", maneno mawili kwa mambo mawili tofauti. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira kwenye video, na katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watu hawakumwona. Hakuna aliyewaficha kitu. Walikuwa na kazi nyingine tu.

Hapo ndipo pa kujibu swali lako la kupumbaza macho. Watazamaji wanakuja wakiwa tayari na macho yanayochagua, kama mimi na wewe. Fundi anawapa kazi, anawapa mahali pa kutazama na sababu ya kupatazama, basi. Nilipokuwa shule ya msingi alikuja bwana mmoja aliyejiita Profesa, na kanzu jeusi, akageuza magazeti kuwa noti mbele yetu. Tuliokaa nyuma tuliamini ana majini saba. Mwenzangu mmoja tu ndiye aliyeuliza kwa sauti: kama anatengeneza pesa, mbona ametutoza kiingilio? Alichapwa fimbo mbili kwa utovu wa adabu, lakini kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa mwanasaikolojia wa kwanza niliyekutana naye.

Tuje kwenye sarafu yako. Najua kuna wenzangu watakaonuna nikieleza, lakini siri hii imo kwenye kila kitabu cha wanaoanza.

Bila shaka unafanya hivi: sarafu imeshikwa kwenye ncha za vidole vya kushoto, dole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, kiganja kikielekea juu. Mkono wa kulia unakuja kuichukua, dole gumba lake likipita chini ya sarafu na vidole vikiikinga kwa mbele. Nyuma ya kinga hiyo dole gumba la kushoto linalegea, sarafu inaanguka kiganjani, na mkono wa kulia unafunga ngumi na kuondoka mtupu. Kitendo chenyewe ni chepesi, mtoto wa darasa la nne anakijua kwa mchana mmoja. Wewe umekirudia kwa miezi minane ilhali hakikuwa na shida. Shida iko kwenye yale yanayokizunguka.

Acha kwanza kufanya hila kabisa. Ichukue sarafu kwelikweli, mara ishirini, simu ikikurekodi. Itazame video polepole. Utaona mambo ambayo hukuwahi kuyagundua: macho yako yanaondoka pamoja na sarafu, yanaufuata mkono wa kulia, bega linageuka kidogo upande huo, na mkono wa kushoto, ukishatoa kilichokuwamo, unalegea na kushuka wenyewe, kama mkono wa mtu aliyesinzia. Sasa tazama video ya hila yako. Nadhani utaona mkono wa kushoto umekauka hewani, vidole vimekunjika kama vimeshika kifaranga, na macho yako, kwa nusu sekunde tu, yanarudi kushoto kuhakikisha kwamba sarafu imekaa salama. Hiyo nusu sekunde ndiyo inayokuuza. Watu hawasemi "iko kushoto" kwa sababu wameiona. Wanasema hivyo kwa sababu wewe umewaonyesha.

Kazi yako basi ni kuifananisha ile ya uongo na ile ya kweli, si kuifanya iwe ya haraka. Ichukue kweli mara tatu, ya uongo mara moja, kweli mara tatu, uongo mara moja, mpaka ukitazama video bila sauti ushindwe kusema ipi ni ipi. Na mwendo uwe uleule mmoja. Mkono wa kulia ukiondoka, amini kwamba sarafu imo humo. Sisemi ujifanye kuamini. Nasema uisikie uzito wake, uibane vidole jinsi unavyobana nauli ndani ya daladala. Mfaransa Robert-Houdin, fundi wa saa aliyekuja kuwa bingwa wa jukwaani karne ya 19, alishikilia kwamba mwanamazingaombwe ni mwigizaji anayeigiza nafasi ya mchawi. Neno lenye uzito hapo ni mwigizaji.

Halafu usifungue ngumi upesi. Kosa hili wanalo hata watu wenye miaka kumi kwenye kazi. Sarafu imedondoka sasa hivi, ngumi inafunguliwa sasa hivi, na mtazamaji anarudi hatua moja tu nyuma na kuikuta siri mlangoni. Mpe hatua sita. Sema kitu. Muulize anadhani ngumi ina uzito gani. Ingiza mkono wa kushoto mfukoni utoe kalamu, na sarafu ibaki humo humo mfukoni. Gonga ngumi kwa kalamu. Acha wacheke, maana watu wakicheka ulinzi wao unalala. Ukija kufungua, mikono yote miwili ni mitupu, na yule anayetaka kusema "iko kushoto" anaonyeshwa kushoto. Njia ya kurudi nyuma imekuwa ndefu, na njiani kuna kicheko, swali na kalamu.

Wala usitangaze kitakachotokea. "Tazameni, naipoteza hii sarafu" ni kuwapa watu ramani. Na wakisema rudia, usirudie. Mara ya kwanza hawakujua watazame wapi. Mara ya pili wanajua.

Kuhusu mpwa wako: mwache, huyo ni mtihani wa chuo kikuu. Katika miaka yangu ya kuwachezea watoto nimeona kwamba wadogo wa umri huo hawana adabu ya kukutazama usoni unapozungumza. Wanatazama kitu wanachokitaka, na wanachokitaka ni sarafu. Mtu mzima unamuuliza jambo, anainua macho kukujibu, kwa heshima tu, na heshima hiyo ndiyo mlango wako. Anza na watu wazima usiowajua sana. Ndugu nao ni wagumu, wanakujua unavyoonekana ukiwa unaficha kitu.

Yale masaa matatu ya usiku, yaache. Dakika ishirini za makini kwa siku zinatosha, na vidole vipumzike. Ganzi ya dole gumba si alama ya bidii. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono ambao hubanwa na kazi ya kurudiarudia, na wewe mchana unahesabu noti na kubonyeza simu kwa mkono huohuo. Pumzika wiki mbili. Ganzi ikiendelea, au ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vikombe, nenda hospitali ukaonwe. Hilo halitibiwi kwa maandishi.

Nimeliacha la chuma ulete mpaka hapa kwa sababu ndilo zito. Kuna jambo huenda usipende kulisikia: huyo mteja amekosea kuhusu uchawi, lakini hakukosea kushtuka. Wewe ni wakala. Watu wanakukabidhi pesa zao mkononi, na siku moja mmoja wao anaona mkono huohuo ukipoteza sarafu. Mbinu hizi hizi ndizo za wale wa karata tatu, wenyewe Nairobi wanaita pata potea, ambako karata inayorushwa siyo uliyodhani, na kijana anayeshinda mbele yako ni mwenzao. Ndizo pia za matapeli wanaohesabu noti kumi na kumwachia muuza duka nane. Kila mfanyabiashara ameshawahi kufunga hesabu jioni akakuta droo imepungua asijue kwa nini, na pengo hilo la "sijui kwa nini" ndilo chuma ulete inapokaa. Ubongo haupendi pengo. Ndio uleule uliochora mpira hewani.

Kwa hiyo, kwenye kaunta usiguse sarafu kwa mchezo tena. Hata siku moja, hata kwa rafiki. Mazingaombwe yawe na mahali pake: sebuleni, harusini, shuleni ukialikwa. Na popote ulipo, usiseme hata kwa utani kwamba una nguvu au una kitu. Mimi si mwanasheria, lakini Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na mojawapo ya mambo inayoyakataza ni mtu kujinadi kwamba ana uwezo huo. Mpaka wa kazi yetu uko hapo hapo pia. Huyo Robert-Houdin niliyemtaja, ninayempenda kwa mengi, mwaka 1856 alitumwa na serikali ya Ufaransa kwenda Algeria kuwaonyesha watu kwamba uganga wa Wafaransa unawazidi mashehe wao. Alikuwa na kisanduku chenye chuma kitakoni, na sumaku ya umeme chini ya sakafu. Mwanamume mwenye misuli alishindwa kukiinua. Kama hila ni nzuri sana. Kama matumizi, mimi naona alivuka mpaka. Afadhali Mwingereza Reginald Scot, ambaye mwaka 1584 alichapisha maelezo ya hila za sarafu, vipira na karata ili kusaidia kuwaeleza majirani zake kwamba vikongwe waliokuwa wakinyongwa kwa uchawi hawakuwa na uchawi wowote.

Kuacha kabisa ni njia halali, hakuna atakayekulaumu, na kama biashara ndiyo inayolisha nyumba, biashara kwanza. Kuendelea kwa siri sikushauri hata kidogo: taa inayowaka chumbani usiku wa manane na sarafu inayogongagonga sakafuni ndiyo kuni za uvumi. Kuendelea hadharani ndiyo njia ninayoipenda mimi, ila ina gharama, utachekwa, na kwa muda wateja wachache watahamia duka la jirani. Lakini maneno yakizidi, mtu akianza kukutisha au kumtisha mama yako, usingoje. Nenda na mzee mmoja anayeheshimika kwa mwenyekiti wa mtaa, lijadiliwe mchana mbele ya watu. Na likifika kwenye vitisho vya kudhuru, nenda polisi siku hiyohiyo. Nchi hii imeshazika wazee wengi, hasa kina mama wa Kanda ya Ziwa, kwa tuhuma zilizoanza kwa mnong'ono mdogo kuliko huo wa mteja wako. Sikutishi, nataka tu usilichukulie kama utani.

Mama ni suala jingine. Yeye usimfanyie mchezo. Keti naye mchana, mwambie unataka kumwonyesha siri, kisha fanya polepole kabisa, upande wa nyuma, mahali sarafu inapodondokea, mara mbili au tatu. Atakuuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Wengi huuliza hivyo, na wengine hukasirika kidogo. Mjibu ndiyo, ni hivyo tu. Halafu mpe hiyo mia tano ajaribu mwenyewe, na ikimwangukia chini usicheke.